Doa Lililomshinda Kathini

Kathini amewafulia watu wa mtaa wa Lucky Summer muda mrefu kiasi kwamba wateja wengine anawajua kwa kola zao kuliko kwa sura. Mafuta ya gereji, damu ya bucha za soko la Burma, wino wa watoto wa shule, vyote huvimaliza kwa sabuni ya kipande na ubishi wake. Doa moja tu ndilo lililomshinda, nalo liko nyumbani kwake. Mumewe, Nzau, ni mchonga vinyago, na kila shati lake huvuliwa likiwa na weusi kwenye kola na kwapani. Lawama zote Kathini aliitupia polishi ya viatu, ile ambayo wachongaji huwapaka twiga na vifaru ili mti wa kawaida uonekane kama mpingo. Alimwambia anawe kabla ya kuvaa shati la kanisani. Nzau alisema ananawa. Huo ndio ugomvi waliozeeka nao.

Mwaka jana mgongo ulimkamata Nzau. Alianza kuchonga akiwa ameegemea upande, mwishowe akawa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Magoti nayo yakagoma. Hospitali moja ya mjini ilimpa dawa za maumivu na kumwambia ni uzee, mtu ambaye hata hamsini hajafika. Kathini alitoka pale akichemka.

Ndipo wakaenda kwa Lydiah, daktari kijana wa zahanati ya kanisa. Lydiah alikuwa na programu ya akili unde kwenye kompyuta. Unaieleza hali ya mgonjwa, nayo inatuma chombo chake kikapekue hifadhi kubwa ya magonjwa adimu, yale ambayo daktari anaweza kustaafu bila kuyaona, kisha kinarudi na majina. Kathini aliposikia hivyo alidhani shida imekwisha.

Wapi. Nzau alisema mgongo, akasema magoti, na chombo kikarudi na orodha ya kuchosha macho. Programu ikauliza kama kuna jambo jingine lisilo la kawaida. "Hakuna," Nzau akajibu. Wakarudi tena na tena, maswali yale yale, majibu yale yale. Kathini alitamani kuizaba kofi ile skrini. Kama inajua magonjwa yote ya dunia, mbona ule wa mume wake haiujui?

Lydiah alimwambia Nzau apumzike kabisa, asishike patasi. Kathini akafungia vifaa na mikebe ya polishi kwenye sanduku la bati, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake. Zikapita wiki kadhaa. Jumapili moja Nzau alivua shati la kanisani, na weusi ulikuwa pale pale.

"Baba Mumo, umekuwa ukienda kuchonga," Kathini akamwambia.

"Sijaenda. Ufunguo si uko na wewe?"

"Kwani Mulama hana patasi?" Mulama ni mchongaji mwenzake.

"Basi muulize."

Hakumuuliza. Alikuwa na uhakika wake, na ulimuuma. Yeye ndiye aliyemkanda mgongo kila asubuhi, ndiye aliyemvisha soksi, na Nzau mwenyewe anaenda kuubomoa kisirisiri. Shati lile hakulifua. Alilitia kwenye mfuko, akalipeleka zahanati kama ushahidi.

"Daktari, huyu usimhurumie," alisema hata kabla ya kuketi. "Wewe unamwambia apumzike, yeye anaenda kuchonga. Ona hii polishi."

Nzau alitazama ukuta. "Nimechoka kusema."

Lydiah aliligeuza shati, akalinusa. "Mama, hii haina harufu ya polishi." Akaandika kwenye kompyuta kwamba jasho la mgonjwa linaacha weusi kwenye nguo. Chombo kikaenda, na safari hii hakikurudi na orodha. Kilirudi na jina moja juu kabisa, alkaptonuria, pamoja na maswali. Masikio yake yana weusi? Mkojo ukikaa, unabadilika rangi?

Lydiah alilielekeza sikio la Nzau dirishani. Ndani yake mlikuwa na weusi wa bluu. Kathini aliujua weusi ule. Miaka yote alikuwa akiusugua kwa kitambaa chenye maji njiani kwenda kanisani, akidhani ni polishi. Habari za mkojo hakuna aliyezijua, maana choo cha ploti yao ni cha shimo, na nani huchungulia? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakumtaja anayeyafua na kuyaanika nje, majirani wote wakiona.

Nzau alipewa chupa, wakaiweka dirishani. Walipokuwa wakingoja, Lydiah alieleza kwamba mtu huzaliwa nao ugonjwa huu. Kuna kitu kwenye chakula ambacho mwili hushindwa kukivunja, nacho hujikusanya na kula viungo. Kipimo cha kuthibitisha kingetumwa mbali. Dawa ipo, lakini si hapa.

"Iko wapi?" Kathini aliuliza kwa ukali.

"Bado sijui, mama."

Kufikia alasiri mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nzau aliitazama chupa, hakumtazama mkewe.

Kathini alifungua pindo la leso, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Nzau.

"Sitaweza kuutumia," Nzau alisema.

"Najua. Kaa nao tu."