Mgeni Aliyejua Mengi Kuliko Mama

Kiwandani walimwita Mama Vifungo, kwa sababu kwa miaka minne mashine yake haikuwa na kazi nyingine ila kushona vifungo kwenye mashati ya sare. Wenzake walimtania kwamba amehukumiwa vifungo vya maisha, naye alicheka nao. Kiwanda kilikuwa mwendo wa kutwa nzima kwa basi kutoka kwao. Kilipohamia huko, alihama nacho. Mabweni ya wafanyakazi hayakupokea watoto, kwa hiyo binti yake alibaki kwa dada mkubwa wa Mama Vifungo, mwenye saluni ya kusuka nywele jirani na shule.

Mtoto alikuwa na miaka minane. Walimwita Chiriku, kwa ule mdomo usiopumzika. Zamani aliweza kusimulia namna alivyofunga kamba za viatu, na hadithi ikawafikisha hadi dukani na kuwarudisha.

Kila jioni saa kumi na mbili, zamu ikiisha, Mama Vifungo alikaa juu ya kreti tupu nyuma ya stoo ya vitambaa, mahali pekee ambapo mtandao ulishika vizuri, akapiga simu. Dada yake alikuwa amemwachia mtoto simu yake ya zamani, yenye ufa kwenye kioo, ili mama na mwana wasipoteane. Mwaka wa kwanza waliongea mpaka sikio likapata joto. Mwaka wa nne mambo yalikuwa mengine.

"Umeshindaje, mwanangu?"

"Vizuri."

"Na shule?"

"Nzuri. Niko sawa, mama."

Alijiambia mtoto anakua. Kisha alikaa pale pale kwenye kreti na simu iliyokwisha kukatika, akijaribu kukisia urefu wa mtoto kwa kupima na kiuno chake mwenyewe.

Jumatano moja mwalimu wa darasa la tatu aliwapa wanafunzi karatasi ya kupeleka nyumbani. Ilikuwa na maswali matatu kwa wazazi. Mtoto wako anacheza mchezo gani simuni? Anaandikiana na nani humo? Je, mtu huyo unamfahamu? Chini kabisa aliongeza: mkikuta jambo, msifute kitu, msimjibu mtu huyo, njooni shuleni. Dada mtu, mikono imejaa mafuta ya nywele, aliipiga picha akaituma na maneno haya: "Jibu wewe mdogo wangu. Mimi hata la kwanza silijui."

Jioni ile Mama Vifungo aliuliza kwa mzaha tu.

"Eti Chiriku, unacheza mchezo gani kwenye simu?"

"Wa kuvisha wanasesere."

"Unacheza na nani?"

"Na Dada Tausi."

"Dada Tausi ndiye nani?"

Mama alisikia feni ya saluni ikizunguka, na mteja akikohoa.

"Ni mtu wa humo humo kwenye mchezo," Chiriku alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Alisema nisimwambie mtu. Alisema ukijua utaninyang'anya simu, halafu hatutaongea tena mimi na wewe."

Mama Vifungo alitaka kupiga kelele, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, na kelele zingemwangukia mtoto tu.

"Sikunyang'anyi," alisema. "Nakuahidi. Sasa mpe Mama Mkubwa simu."

Dada mtu alipofungua ule mchezo na kusoma mistari michache, alisema ataiponda simu kwa nyundo.

"Usiponde, dada. Wala usifute. Ipeleke kwa mwalimu hivyo hivyo ilivyo."

Msimamizi alimpa ruhusa ya siku nne, shingo upande. Alisafiri kutwa. Alipofika, Chiriku alisimama mlangoni akamtazama kama mtu anayehakikisha ni yeye, kisha akamkumbatia kiunoni. Kichwa kilikuwa kimepita pale alipokikisia kule kwenye kreti.

Kesho yake, watoto walipotoka, alikaa darasani kwenye kiti kidogo, magoti yakikaribia kidevu. Mwalimu, mama wa makamo mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi, alimsogezea simu.

"Soma taratibu," alisema. "Hawajakutana. Picha aliyotuma mtoto ni moja tu, akiwa na sare ya shule. Mengine utayaona."

Dada Tausi alikuwa ameanza hivi: Mimi pia mama yangu yuko mbali. Na kila siku aliuliza swali lile lile: Leo umemkumbuka mama? Chiriku alijibu kila siku, kwa maandishi yenye makosa ya mtoto wa darasa la tatu.

Nalala na sweta la mama lakini limeisha harufu.

Nimesahau mama akicheka bila simu anachekaje.

Siku ya wazazi nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza.

Mwisho kabisa Dada Tausi aliomba picha ya Chiriku akiwa ametoka kuoga. Siri yetu, aliandika. Hapo mtoto hakujibu. Zilikuwa zimepita siku mbili ndipo karatasi ya mwalimu ilipofika.

Mama Vifungo aliirudisha simu mezani, kioo kikiangalia chini.

"Huyu kaambiwa yote," alisema. "Mimi naambiwa yuko sawa."

"Yeye alimuuliza."

"Mimi niliogopa, Mwalimu. Nikimuuliza atalia, na mimi huku siwezi kumfuta machozi."

Mwalimu hakumlaumu. Alimpa leso, akasubiri, kisha wakaenda pamoja kituo cha polisi, kwenye dawati la watoto. Askari walinakili maandishi yote, na baada ya hapo Dada Tausi akazuiwa kwenye mchezo asimwandikie tena. Kama ni mwanamume au mwanamke, wa mtaa wa pili au wa ng'ambo, familia haijaambiwa mpaka leo.

Siku ya tatu mwalimu aliita wazazi. Aliwaomba wafungue michezo ya watoto wao na waonyeshe mahali pa kuandikiana. Baba mmoja, fundi wa redio na simu, alibonyeza mpaka jasho likamtoka, hadi mwanawe wa miaka saba alipomwonyesha kwa kidole kimoja. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Shule ikakata kauli kwamba kila muhula wazazi watajifunza kufunga mahali hapo pa kuandikiana, na watoto watafundishwa kwamba mtu akisema "usimwambie mama," huyo ndiye wa kumwambia mama.

Simu ya Chiriku sasa inatumika kwenye meza ya saluni, mbele ya macho ya Mama Mkubwa. Mahali pa kuandikiana pamefungwa. Ahadi nayo imeshikwa: hajanyang'anywa.

Mama Vifungo alirudi kwenye mashine yake. Ameomba kuhamishiwa tawi la karibu na kwao na bado anangoja majibu. Siku hizi simu ni ndefu tena, na ngumu kuliko zamani, kwa sababu anauliza. Kuna jioni mtoto analia dakika kumi, naye anamsikiliza tu, kiganja kikipapasa goti lake mwenyewe.

Juzi Chiriku alimuuliza, "Unakuja lini?"

Zamani angesema karibuni. "Mwezi wa nane," alijibu.

"Ni mbali."

"Ni mbali, mwanangu."

Hakuna aliyekata simu. Mtoto alianza kumwambia habari za mwenzake aliyepoteza jino darasani, lilivyotoka, lilivyotafutwa, nani alilikanyaga. Giza likaingia nyuma ya stoo, naye bado anasikiliza.