Chupa Mbili Chini ya Kitanda cha Mkwe

Ndugu yangu Hafidh hanunui samaki mpaka amfunue matamvua kwa kidole chake mwenyewe. Muuzaji akiapa kuwa samaki ni wa leo, yeye humuuliza, "Leo ya lini?" Dakitari akimwandikia dawa, huenda kwa dakitari wa pili kuuliza kama yule wa kwanza ni dakitari kweli. Kazaliwa nayo hiyo. Marehemu mama akitugawia muhogo, Hafidh alikuwa hatii tonge mdomoni mpaka azikague sahani zetu zote, na mimi dada yake mkubwa nilikuwa nampiga kofi la mkono kila siku, wala halikusaidia.

Basi mtu kama huyo alipopata gari, mafundi wa mjini Chake Chake hawakupata kitu kwake. Gari yenyewe ni pikapu ndogo nyeupe, kazi yake kuchukua mikate alfajiri na kuisambaza madukani mpaka kule Kengeja. "Fundi anakutolea kitu kizima, anakutilia kibovu, kisha unampa mkono unamwambia ahsante," husema. Kila kitu anatengeneza mwenyewe uani, gari imepandishwa juu ya jeki na magogo ya mnazi, yeye miguu tu ndiyo inayoonekana. Sisemi hajui. Anajua, kwa sababu ameangalia video za kutosha kwenye simu, na kila video kaiangalia mara mbili kwa kutoiamini.

Kazi moja tu ndiyo inayomshinda peke yake, nayo ni kutoa upepo kwenye breki. Breki za gari zinakwenda kwa mafuta yanayopita kwenye vipaipu mpaka magurudumuni. Upepo ukiingia humo, ukikanyaga unahisi umekanyaga mto wa sufi. Sasa upepo huo lazima utolewe, na kuutoa kunataka watu wawili: mmoja ndani anakanyaga, mmoja chini gurudumuni anafungua kiskurubu, upepo utoke na mafuta yake kwa mpira mpaka ndani ya chupa, kisha afunge kabla ya wa ndani hajanyanyua mguu. Ukinyanyua mapema, gari inavuta upepo mwengine, mnaanza tena.

Hafidh katika Pemba yote anaamini mguu mmoja tu, na ndio huu wangu. Hata mkewe Shadya, Hafidh alimjaribu siku moja akamkataa.

"Anaachia kabla sijafunga," aliniambia. "Kusudi."

"Kusudi ya nini, Hafidh?"

"Ndo n'nalojiuliza."

Sasa sikilizeni. Jumatatu moja baada ya msimu wa karafuu, Hafidh anateremka na mikate yake, anafika kwenye kona, anakanyaga breki, breki ikazama mpaka chini kama mguu umeingia topeni. Akakata usukani akaingia kondeni kwa watu. Mihogo ikalala, mikate ikatawanyika, kuku wa pale walikula vizuri siku ile. Yeye alitoka na mchubuko wa kidevu. Watu walimwambia ashukuru Mungu. Alishukuru, kisha akauliza nani kamfungulia breki zake.

Na jibu alikuwa nalo kabla hajafika nyumbani, kwani Shadya, wifi yangu, alikuwa kaona kitu. Jana yake, Hafidh yupo msikitini, Shadya alichungulia dirishani akamuona Pandu kainama ndani ya boneti ya pikapu. Pandu huyu si mtu wa mbali. Ni ndugu yetu, tumbo moja na Hafidh na mimi, nyumba yake inatazamana na ya Hafidh, uwa mmoja. Anaendesha gari yake ya abiria. Na aliwahi kuitaka ile kazi ya mikate, Hafidh akaiwahi.

"Kaingiza upepo," Hafidh akasema. "Kalegeza skurubu, kaingiza upepo, kafunga. Miye natakiwa roho, dada."

Nikamwambia, "Muulize kwanza." Hakumuuliza. Alichofanya, alikwenda barazani dukani baada ya sala, wanaume wote wamekaa, akasema kwa sauti kuwa anayetaka kumuua analala mlango wa pili, na Ijumaa baada ya laasiri Shehe Haidar atamsomea halbadiri.

Halbadiri! Nilipopata habari nilikaa kitako. Halbadiri ni kisomo cha maapizo, haisomwi kwa kutishana. Ikisomwa juu ya mtenda asiyejulikana, inamtafuta popote alipo, awe mgeni, awe wa tumbo moja na wewe, na ikimpata hakuna wa kuizuia. Watu wazima wameumbuka, wengine wamekwenda na maji. Nikajiona nimekaa matangani, na sijui ya nani.

Nikadhani Pandu atakuja kwangu analia. Wapi! Asubuhi alisimama katikati ya uwa, mikono kiunoni, akapaza sauti majirani wote wasikie.

"Isomwe! Miye nataka isomwe! Na ubani nitaleta mwenyewe, wa kutosha, asije akasema uliisha!"

Shadya akaninong'oneza, "Mwenye kosa hawezi kusema hivyo."

"Anaweza," nikamwambia, "akiwa mjanja."

Na Pandu ni mjanja. Lakini nilimtazama na Shadya pia, jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuchungulia dirishani. Siku zile nilimtazama kila mtu. Nilimtazama hata muuza maziwa.

Alhamisi, mikate inadai, Hafidh akaniita nije nikanyage. Gari iko juu ya magogo, yeye kaingia uvunguni na spana, mpira na kichupa cheupe. Mimi nikapanda, nikakunja buibui, nikavua ndara ya kulia.

"Pampu!" akapiga kelele kutoka chini. "Pampu! Pampu! Shika!"

"Nimeshika."

"Umeshika kweli?"

"Hafidh, mguu ni huu, n'shike vipi tena? N'uusie?"

Akafungua, nikasikia mafuta yanachuruzika. Akafunga. "Achia. Pampu!" Tukaenda hivyo gurudumu la nyuma la mbali, tukaenda la pili, kisha la mbele. Mapovu yalitoka kidogo tu, mwenyewe alisema. Lakini breki haikukaza. Nilikuwa nakanyaga, inasimama kidogo, kisha inazama polepole chini ya mguu wangu, kama mtu anayekubali jambo shingo upande.

"Umeachia!"

"Sikuachia. Inazama yenyewe."

"Dada, usinifanye mtoto."

"Toka huko uje uone, mwanakwetu!"

Akatoka, kajaa vumbi, akaweka kile kichupa cha mafuta machafu pale mlangoni karibu na mguu wangu, akaingiza kichwa kuutazama mguu. Nikakanyaga mbele ya macho yake. Ikazama.

Hapo pua yangu ikashika kitu.

"Hafidh. Karafuu hii inatoka wapi?"

"Weye Pemba hii unauliza karafuu inatoka wapi?"

"Msimu umekwisha. Majamvi yote yamekunjwa, hakuna aliyeanika hata konzi moja uwa huu. Inatoka wapi?"

Nikakiokota kichupa, nikakinusa. Nikachovya kidole, nikapaka nyuma ya mkono, nikanusa tena. Ulikuwa ule moto wa puani unaoujua kila mtu aliyewahi kuumwa jino kisiwa hiki. Mafuta ya karafuu, matupu. Hafidh kwa siku zote zile alikuwa anafungua na kufunga, mikono imemwenea harufu, na haikumshtua, kwani nani anashtuka kwa harufu ya karafuu huku kwetu? Sawa na kumwambia mtu nyumba inanuka nyumba.

Nilimpa anuse. Macho yakamtoka, uso ukachangamka kama aliyepata posa.

"Si n'lisema! Katia! Mafuta ya karafuu yanakula mpira, ndo mana haishiki! Mipira yote ya ndani imevimba. Pandu huyo, dada! Kajua upepo utaonekana, katia sumu!"

Na kusema kweli nilimwamini. Kwa muda wa kukunja buibui nilimwamini kabisa, nikamuona Pandu kwa jicho la shari, anatia mafuta huku anatazama nyuma. Lakini swali likanijia.

"Mafuta ya breki yalipungua lini mara ya mwisho?"

"Jumapili. Nikaongeza Jumatatu alfajiri, simu naibana mdomoni inanimulikia."

"Ukaongeza kutoka kopo gani? Kopo la mafuta ya breki silioni humu."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akashusha sauti. "Nimeyaficha."

"Wapi?"

"Dada, sema taratibu. Kopo watu wanalijua. Nilimimina kwenye chupa ya maji, nikabandua karatasi, nikaiweka pahala ambapo hakuna wa kushuku."

"Wapi, Hafidh!"

"Kwa Bi Mwanamize. Chini ya kitanda."

Bi Mwanamize ni mama yake Shadya, mzee wa Makoongwe, aliletwa huku kuuguzwa magoti. Nikateremka garini, nikaingia ndani bila ndara ya pili, Hafidh nyuma yangu. Tukamkuta kakaa kitandani, kanyoosha miguu, anajichua.

"Shikamoo, Bi Mwanamize."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mwatima, bora umekuja weye unayejua kusema na watu. Yule anayeniuzia mafuta ya karafuu keshaanza kuyachakachua. Haya hayana harufu, hayachomi, yamenikausha ngozi tu, nawashwa mpaka hapa. Kanitilia kitu. Namshuku sana."

Chini ya kitanda palikuwa na chupa mbili za maji, zimebanduliwa karatasi, mafuta ya rangi moja, zimesimama pamoja kama pacha. Nikazifungua. Moja ikanipiga puani. Nyengine haikusema kitu.

Hafidh akakaa chini sakafuni.

Nilimwacha akae. Bi Mwanamize nikamnyang'anya chupa taratibu, nikamuita Shadya alete maji na sabuni amwoshe mamake magoti. Tulipotoka nje, Hafidh akanishika mkono.

"Dada, tusimwambie mtu. Nitamwambia shehe nimesamehe."

"Unamsamehe nani?"

"Pandu."

"Unamsamehe Pandu kosa lako weye?"

"Basi niseme nini?"

"Sijui. Ila kesho Pandu atakuja na ubani wake, na shehe atakuja na kitabu, na Pandu hataki isamehewe, anataka isomwe. Ikishasomwa, itakwenda mlango wa nani?"

Akafikiri. Nilimuona rangi inavyomtoka, kuanzia midomoni.

"Lakini sikukusudia. Itajua kama sikukusudia?"

"Hilo muulize shehe. Ila umuulize kabla hajaanza."

Hakungoja kesho. Pandu alikuwa anaosha gari yake upande wa pili wa uwa, suruali kaikunja. Hafidh akasimama mbali kidogo, mimi nyuma yake, maana nilijua nikimwacha peke yake atageuza njia.

"Pandu."

Pandu akaendelea kuosha.

"Kesho usilete ubani."

"Nimeshanunua."

"Hakuna kisomo. Mwenyewe kapatikana."

Hapo Pandu akaacha tambara. "Nani?"

Hafidh akatazama ndoo. Akatazama gurudumu. "Miye," akasema. Na akaeleza, kwa sauti ya kumsomea mtu aliyelala.

Pandu akanigeukia mimi. "Dada, kweli hii, au mmepanga?"

"Kweli. N'menusa mwenyewe."

"Haya." Akalikamua lile tambara mpaka tone la mwisho. "Alinitia aibu barazani mbele za watu. Akaseme huko huko. La sivyo miye na ubani wangu tutakuwepo."

Na ikawa hivyo. Ijumaa baada ya laasiri, Shehe Haidar kafika na kitabu chake kwapani, watu wamejaa pale dukani kuliko siku ya mpira uwanjani Gombani, na sisi wanawake tumejipanga ukumbini kwa jirani, dirisha wazi. Hafidh akasimama akasema yote: chupa, kitanda, mkwe. Shehe akauliza mara mbili kama amesikia sawa, kisha akakifunika kitabu, akamwambia, "Yakhe, ungejisomea mwenyewe mbele yetu." Waliposikia habari ya magoti ya Bi Mwanamize wanaume wakacheka mpaka wakashikana mabega. Pandu hakucheka.

Hapo ungedhani Hafidh atakaa chini. Hakukaa.

"Nimekosa na nimeomba radhi," akasema. "Lakini na yeye hajasema mpaka leo. Alikuwa anatafuta nini ndani ya boneti yangu?"

Nilijifunika uso kwa mtandio. Pandu akasimama polepole.

"Spana yangu. N'likuuliza ukasema hunayo, ukaapa."

"Na uliiona?"

"N'liiona. Umeifunga kwenye tambara, umeisokomeza nyuma ya betri."

Kelele za pale siwezi kuzisimulia. Shehe mwenyewe alilazimika kujifuta macho. Hafidh akamshika Pandu mkono mbele yao wote, akaomba radhi upya, ya breki na ya spana, na Pandu akaipokea, akasema amesamehe duniani na akhera. Na alisamehe kweli, namjua.

Hafidh alinunua mipira mipya, akaifungua breki yote, akaikosha kila kipaipu, akatia mafuta kutoka kopo lenye maandishi yake, kopo liko wazi juu ya dirisha. Mimi nilikuwa nimekwenda Wete kwa mwanangu, hana wa kukanyaga, ikabidi akamuombe Pandu. Pandu akamjibu, "Msamaha nimetoa. Mguu sitoi." Shadya ndiye aliyekanyaga, na breki zikakaza.

Niliporudi nikamkuta Pandu kainama mbele ya gari yake na dreli, anatoboa boneti apitishe kufuli.

Nikamwambia, "Na weye tena? Si mmepatana?"

"Tumepatana, dada," akasema, wala hakunyanyua kichwa. "Lakini mtu aliyejitilia mafuta ya karafuu kwenye breki zake kwa mkono wake, miye atanitilia nini?"