Mlango wa Themanini

Wiki hiyo nilikuwa nimeweka seva mpya, yaani kompyuta ya kutunza ukurasa wa mtandaoni, katika ofisi ya wakala wa forodha hapa mpakani Malaba. Madereva wa malori wangeona kwenye simu kama karatasi zao zimetoka, badala ya kusukumana dirishani. Tajiri alinipa mpaka Ijumaa. Nikishindwa angeleta fundi kutoka Nairobi, nami ningerudi kijijini Bukhayo kupalilia mihogo.

Seva hupokea wageni kwa milango yenye nambari, tunayoiita poti. Usipogusa kitu, husikiliza poti themanini, na simu inayotafuta ukurasa hubisha hapo bila kuambiwa. Sikugusa kitu. Kwenye kompyuta ya ofisini ukurasa ulifunguka vizuri, nikajipongeza mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine wa kunipongeza.

Malaba kila mtu ana laini mbili, ya huku na ya ng'ambo. Nilitoka nje nikajaribu kwa laini ya Uganda, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na bando. Badala ya ukurasa wangu kikaja kisanduku kinachodai jina na neno la siri. Basi nikafanya kosa letu watu wa mpakani: nikalaumu ng'ambo. Huku kwetu simu ikikwama, mnara wa Uganda umeingilia, na hakuna anayeuliza zaidi. Siku mbili nzima niligombana na laini ile, nikaizima, nikaiwasha, nikaitukana.

Ijumaa nilihitaji mtu wa kunijaribia ukurasa ambaye hayuko Kenya wala Uganda. Nilikuwa naye mmoja tu: mke wangu, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Tulikuwa tumefikia kusalimiana mara moja kwa wiki, na kila aliponiuliza hali nilimjibu kwamba ofisi imejaa watu, mchana tunakula hotelini pamoja, tunacheka. Nikamtumia anwani ya ukurasa.

Jibu lake lilinikuta nikila.

"Imeniuliza password. Nimeweka admin na admin, vile ulinifunza na ile router yetu ya Wi-Fi."

"Page imefunguka?"

"Page sioni. Naona wewe."

Nikainua macho. Juu ya kabati kulikuwa na kamera ya ulinzi, iliyowekwa kabla sijaajiriwa. Mashine yake ya kurekodi nayo ilitoka kiwandani na poti themanini, na ilikuwa imewahi mlango wa nje. Kila aliyebisha kutoka nje alipelekwa kwake; kompyuta ya ofisini, iliyokuwa ndani tayari, ilifika kwenye seva bila kuupitia mlango huo. Neno la siri la kiwandani hakuna aliyewahi kulibadilisha. Uganda haikuwa na kosa lolote.

"Unakula chapati kavu kwa gazeti," aliandika. "Hao watu wako wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi. Niliona aibu, kisha ikanijia furaha: kuna mtu alikuwa akinitazama.

"Na hiyo sweta ni yangu."

Ilikuwa yake, ya zambarau, mikono ikiniishia karibu na viwiko. Nilimwandikia kwamba Malaba kuna baridi. Dirishani nyuma yangu jua la adhuhuri lilikuwa likichoma, na bila shaka aliliona.

Kurekebisha hakungechukua hata robo saa: kuihamishia kamera mlango mwingine, kubadilisha neno la siri, kuielekeza themanini kwenye seva. Nikamweleza.

"Lazima ufunge?"

"Lazima. Mahali umeingia wewe, mtu yeyote anaweza ingia."

"Sawa. Lakini maliza kula kwanza, nikuone."

Nikaikata chapati vipande vidogo vidogo, nikatafuna polepole kuliko nilivyowahi kutafuna maishani. Ilipoisha nikapangusa mikono, nikafunga.

Baadaye kidogo dereva mmoja aliita dirishani, ameinua simu. "Boss! Karatasi zangu naziona!"

Nilimpungia mkono. Kisha nikatazama juu kwenye kamera, ingawa nilijua hakuna tena mtu upande wa pili.