Dawa Gani?

Siku Mektilda alipokasirika, chai iliyopoa ilichemka upya mpaka Mnazi Mmoja. Anayebisha akawaulize waliokuwa wanainywa.

Miaka kumi na minne alikuwa anasafisha vyoo vya chuo kimoja pale Gerezani, mwanamke wa Kichaga mwenye vidole vilivyobabuka. Mtunza stoo, Gaudens, alinunua kemikali kwa madumu Kariakoo, akazimimina kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, na zote akaziandika neno moja: DAWA. Mektilda akiuliza ni dawa gani, anajibiwa choo kinaumwa, yeye atibu tu.

Jumatatu moja mwenzake Sophia, mwimbaji wa kwaya, alimimina dawa mbili kwenye ndoo moja ili choo kitakate haraka. Moshi ulioruka pale uliwahamisha panya wote wa Gerezani, na mabegi yao mgongoni. Sophia hakuwahi kukimbia. Mektilda alimburuta nje, macho yamevimba, anatafuta pumzi.

Hospitali nesi akauliza amevuta nini.

"Dawa," Mektilda akasema.

"Dawa gani, mama?"

Hapo ndipo hasira ilipomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sophia alipona, ila sauti ya kuimba haikurudi. Na Jumatatu iliyofuata alitakiwa kazini, kwenye chupa zilezile.

Ijumaa ya wiki ileile chuo kikaita semina ya usalama kazini. Walimu na makarani wakakaa; wasafishaji wakaambiwa wagawe maji. Mektilda akaweka chupa mbili mbele ya Gaudens, zimefungwa, hazina karatasi wala maandishi.

"Kunywa, kaka. Moja nimenunua dukani kwa Jashoda, moja imetoka stoo kwako."

Gaudens akacheka. Hakuna aliyemsaidia. Mkuu wa chuo, Heriel, akamtaka aonyeshe maji ni yapi. Gaudens akazigeuza, akazirudisha mezani, jasho linamtiririka.

"Sophia haingii chooni Jumatatu, na mimi siingii," Mektilda akasema, "mpaka kila chupa iwe na jina lake, la baba yake, na la yule ambaye hawaivi naye chungu kimoja."

Semina ikahamia stoo. Gaudens akakaa sakafuni kuandika, na madumu matatu hakuyajua hata yeye. Mektilda alisimama mlangoni na funguo za vyoo vyote mfukoni. Mkuu alikuwa amebanwa na mkojo tangu saa nne. Akaambiwa asubiri.