Vitonge vya Sweta ya Baba

Harufu ya sufu iliyolowa hunirudisha Molo mara moja, kwenye nyumba yetu ya udongo katika shamba la Mzungu, miaka ile ya hamsini, nikiwa na umri wa kama miaka minane. Baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Alikuwa na sweta moja tu, ya kijivu, na kwa vile mikebe ya maziwa aliyobeba ilimsugua kifuani na mikononi, sufu ilijiviringa ikatoa vitonge vidogo kama punje za mtama. Hakuvipenda. Alisema mtu akienda kanisani na vitonge anafanana na kondoo mgonjwa.

Kuvitoa ilikuwa kazi yangu kila Jumapili asubuhi. Mama alinifungia nusu ya wembe kwenye kitambaa, nami niliivuta sweta juu ya goti mpaka ikakaza, kisha nikapitisha wembe ukiwa umelala, polepole. Ukiuinamisha kidogo tu, umekata uzi na tundu limezaliwa. Vitonge nilivikusanya kwenye kikombe, nimshonee mwanasesere wangu mto. Baba alikaa kando yangu akiwa na shati tu, amejikunyata kwa baridi, akiniambia nisifanye haraka.

Jumapili moja yenye ukungu mzito, nilikuwa nimemaliza mkono mmoja lori liliposimama mbele ya nyumba. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka Mau Mau, na Wakikuyu kama sisi walikuwa wakichukuliwa mashambani na kupelekwa kizuizini. Watu wazima walilizungumzia jambo hilo kwa kunong'ona. Askari wakaamuru wanaume wote watoke. Baba alitoka kama alivyokuwa. Waliketishwa kwenye nyasi zenye umande, mikono kichwani, nikaona shati lake likishika maji.

Nikakimbia na sweta. Askari mmoja kijana akanizuia kwa kiganja, wala hakuwa mkali.

"Rudi kwa mama yako."

"Ni ya Baba. Anasikia baridi."

"Rudi, mtoto."

Baba alinitazama, akatikisa kichwa mara moja. Sikujua kama alimaanisha nisilie au nisisogee. Lori likaondoka naye, nami nimesimama na sweta, mkono mmoja safi, mwingine umejaa vitonge.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemvua. Ningekuwa mvivu siku hiyo, angeenda amevaa. Kila asubuhi ya baridi kali nilimfikiria alipo, na sikumwambia mtu, hata Mama, ambaye aliikunja sweta akaiweka chini kabisa ya sanduku.

Alirudi nikiwa msichana mkubwa. Mkono wake wa kulia haukuinuka tena kupita bega. Nilingoja siku nyingi, mpaka alasiri moja tukimenya viazi nikamwambia yote, nikilia, kwamba ni mimi niliyefanya aende bila sweta.

Baba aliacha kumenya, akajaribu kwa kweli kukumbuka.

"Sweta gani?" akauliza.

Siku hiyo niliumia, nikadhani amenisahau pamoja nayo. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba baridi ile niliyoibeba moyoni miaka yote ilikuwa jambo dogo kabisa kati ya yaliyompata, dogo mno hata halikupata nafasi kichwani mwake. Hayo mengine hakunisimulia kamwe, nami sikujua namna ya kumuuliza.