Risasi za Subaru ya Okomo

Mume wangu Ndalahwa hawezi kupita penye kitu kinacholia bila kuuliza kinalia nini. Aliwahi kuinama chini ya kinanda cha kanisa katikati ya mahubiri, nikamvuta shati. Mimi nauza vipuri hapa Igogo, yeye anatengeneza magari uani nyuma ya duka, na watu hudhani tumepangiana kazi kwa busara. Ukweli ni kwamba nisingekaa pale mlangoni, angetengeneza magari ya watu bure, ili mradi tu ajue yanaumwa nini.

Mwaka huu ugonjwa uliomtesa ulikuwa wa Subaru ya Okomo, kijana anayefanya biashara ya samaki. Aliinunua ikiwa imeshachezewa: turbo kubwa, egzosi pana, na chujio la hewa la koni lililoachwa wazi badala ya boksi la kiwandani. Aliipenda kupita kiasi, mpaka ilipoanza kupiga risasi. Akikanyaga mafuta akipanda mlima, pa! pa! Watu wanainama barabarani.

Hayo yasingenihusu, ila mama yake, Roza, alikuwa na safari. Dada yake mkubwa, Adoyo, alikuwa mgonjwa sana huko Shirati, na kila siku alipiga simu kuuliza Roza atafika lini. Roza ana nyonga mbovu, kwa hiyo kusafiri kwa basi hawezi. Ana presha pia, na gari la mwanawe alilikataa katakata. "Nikifa njiani kwa mshtuko," alisema, "mtampelekea Adoyo maiti?"

Mafundi wengine walishabadilisha plagi na koili. Wapi! Ndalahwa aliiwasha uani, ikanguruma vizuri. Akaipigisha resi ikiwa imesimama, hakuna risasi hata moja. Akatabasamu mpaka nikaona aibu mbele ya mteja.

"Okomo, hii haiumwi ikiwa imepumzika," alisema. "Twende tukapande mlima wa Butimba."

Akanipakia na mimi nyuma, eti nifungue dirisha nisikilize. Nilifunga duka kwa hasira. Mlimani ikapiga, na Okomo akasema ni egzosi hiyo. Nikamwambia hapana, imelia mbele, kwenye boneti. Ndalahwa aligeuka akanitazama kama siku aliyokuja kuniposa.

"Ikilia nyuma, mafuta yamezidi, yanaungulia kwenye egzosi," alieleza. "Ikilia mbele, injini imenyimwa mafuta. Sasa anayeinyima ni nani?"

Alidhani ni pampu. Akafunga geji ya presha ya mafuta, akaibandika kwenye kioo cha mbele kwa solatepu, tukapanda tena. Risasi zikalia, mshale haukutikisika. Mtu mwingine angekata tamaa. Huyu wangu alifurahi kukosea. Mafuta yapo, alisema, basi injini inadanganywa kuhusu hewa. Katika gari kama lile kuna sensa ndogo kwenye bomba la hewa, na kompyuta hutoa mafuta kwa kufuata inachoambiwa na sensa hiyo. Sensa ikisema hewa ni kidogo, mafuta nayo hutoka kidogo.

Tuliporudi tulimkuta Roza kwenye benchi mbele ya duka, ametoka kuongea na Shirati. Adoyo alikuwa ameanza kukataa chakula. Ndalahwa alimpa shikamoo, kisha akaenda moja kwa moja kwenye chujio, akalegeza klipu, akalichomoa.

Ndani mlikuwa na kipande cha wavu wa dagaa. Kilikuwa cheusi ndani ya mpira mweusi, kimetandazwa vizuri na kufungwa kwa uzi, ila upande mmoja ulikuwa umechomoka. Gari likienda taratibu, upande huo ulining'inia tu. Likivuta hewa kwa nguvu mlimani, ulivutwa mpaka kwenye sensa ukaifunika.

"Angalieni hili fundo!" Ndalahwa aliuinua wavu juu kwa furaha. "Aliyelifunga ni nani? Nataka kumjua!"

Nilimkanyaga mguu, maana nilishauona uso wa Roza. Mama huyu ameshona nyavu tangu usichana wake.

"Ni mimi," alisema. Okomo alikuwa ameosha chujio akalianika uani kwao, na wadudu wa ziwani wakashuka siku hiyo kama moshi, wakawa wanaingia mle ndani. "Nikasema mwanangu asije akakwama njiani, nikaziba." Okomo akalifunga garini kwa haraka bila kuchungulia. Roza aliutazama ule wavu. "Kumbe dada yangu ananingoja, na njia nimeiziba mimi mwenyewe." Akalia. Nikalia naye, sioni haya kusema.

Ndalahwa aliuweka wavu pembeni. Aliisafisha sensa, akarudisha chujio, akamwomba Roza akae kiti cha mbele wapande Butimba wote. Waliporudi, Roza hakushuka.

"Okomo, kalete mfuko wangu nyumbani," alisema dirishani. "Naondoka leo."

Giza lilipoingia Roza akanipigia simu kutoka Shirati. Nilisikia sauti nyingine nyuma yake, ya kikongwe, ikifoka kwa Kijaluo bila kupumua.

"Ni Adoyo huyo?" nikauliza. "Anasemaje?"

"Ananigombeza tangu nilipoingia mlangoni. Nilikuwa wapi, mbona nimechelewa, mbona nimenenepa." Roza alicheka. "Mwache afoke, Selina. Mwache tu."