Fainali Bila Ngazi

Jumamosi ya fainali, fundi wa meno bandia alipiga pasi gauni lisilokuwa na kunyanzi hata moja, akatia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote bila kujua. Mume wake alimtazama tu. Alikwisha kuzoea kuishi na mwanamke ambaye kila mwaka, ikifika wiki hii, hasikii la mtu.

"Leo mtachukua," alimwambia alipokuwa akivaa viatu.

"Usinitie mkosi," alijibiwa, na mlango ukafungwa.

Msidhani mama huyu anacheza mpira wa kikapu. Mwenyezi Mungu alimpa mikono ya dhahabu, lakini kwenye urefu hakumwonea huruma; mpaka leo sufuria za rafu ya juu huteremshiwa na watoto wake. Shuleni aliupenda mchezo huo kufa, na kila alipojitokeza kuchaguliwa mwalimu alimkabidhi kalamu, akamwambia akakae kwenye meza ya kuhesabu pointi. Akakaa. Wenzake wakajifunza kuruka, yeye akajifunza kanuni. Hadi anamaliza shule hapakuwa na refa aliyethubutu kubishana naye.

Ndiyo maana ligi ilipoanza katika jengo analofanyia kazi, hakuna aliyeuliza nani awe kamishna. Ligi yenyewe haina uwanja, haina mpira wala jasho. Ina makocha wanane wenye damu na nyama, na wachezaji themanini ambao hawakuzaliwa na mtu. Kila kocha alipewa alama za kugawa apendavyo: urefu, mbio, shabaha, pumzi, akili. Ukimpa mtu wako urefu mwingi, utamnyima kitu kingine. Wachezaji wakishaundwa, wanaingizwa kwenye kompyuta, nayo ndiyo inayocheza mechi. Programu aliiandika shemeji yake, mwalimu wa hesabu, ambaye naye ni kocha na hajawahi kuvuka robo fainali, jambo linalothibitisha kwamba mashine haipendelei mtu.

Kila mwaka ni msimu mmoja, na kila msimu mchezaji anaongezewa mwaka mmoja wa umri. Huu ulikuwa msimu wa kumi na tatu. Kanuni zilikuwa zimefika arobaini na moja, zote ziko kwenye daftari kwa mwandiko wa fundi, na kila moja ina ugomvi wake. Kanuni ya nne inasema mechi inachezwa mara moja tu, hata matokeo yakimtoa mtu machozi. Inatokana na kocha mmoja aliyelia kweli. Kanuni ya kumi na saba inakataza kushika kibodi kwa vidole vyenye mafuta. Kanuni ya ishirini na sita inakataza kumpigia simu mke wa kocha mwenzako ili umchokonoe mumewe kapanga nini, na anayehusika anajijua. Jina lake halisi mama huyu limebaki kwenye hati za mshahara. Kwenye jengo zima ni Mama Kanuni.

Na Mama Kanuni alikuwa na Ngazi.

Ngazi alimuunda mwenyewe msimu wa kwanza: futi saba kasoro kidogo, mikono mirefu, mbio za kobe, akili nyingi. Kwa misimu yote hiyo Ngazi alisimama chini ya kikapu akazuia kila kilichopita. Alipoumia goti msimu wa sita na kukaa nje mwaka mzima, mwenye mtu wake alipungua kilo tatu. Amefika fainali naye mara tatu, na mara tatu wamefungwa. Sasa Ngazi alikuwa na miaka thelathini na saba. Kanuni ya kumi na tisa haina msamaha: akitimiza thelathini na minane, hachezi tena. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Fainali ilipangwa kuchezwa saa nane mchana kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa, kliniki ikishafungwa. Saa sita Mama Kanuni alikuwa bado kwenye meza yake ya kazi, amevaa aproni iliyokaukiwa na plasta ya kuundia taya, akipanga meno kwenye nta kwa ajili ya mzee mmoja aliyeahidiwa Jumatatu. Alikuwa amebakiza magego tu. Akaona kuna muda wa kutosha kumwandikia Ngazi cheti cha kustaafu, maana hilo nalo ni kanuni. Akalitoa daftari la kwanza, lile lililochakaa jalada, ili anakili siku aliyosajiliwa.

Akasoma: *Ngazi. Msimu wa kwanza. Miaka ishirini na sita.*

Akaanza kuhesabu. Msimu wa pili, ishirini na saba. Wa tatu, ishirini na minane. Akahesabu kwa vidole, vidole vikamwishia, akaendelea na meno yaliyokuwa mezani. Akafika msimu wa kumi na tatu: thelathini na minane. Akarudia. Meno yakampa jibu lile lile.

Akaifungua kompyuta, akafuatilia umri wa Ngazi mwaka hadi mwaka, na hapo kwenye msimu wa sita akaukuta mwaka uliopotea. Ngazi alikuwa majeruhi, na programu ya shemeji, kumbe, haikuwazeesha waliokuwa kwenye orodha ya majeruhi. Wengine wote hawakuwahi kukosa msimu mzima, ndiyo maana hakuna aliyeona. Kanuni ya ishirini na tatu, aliyoitunga yeye, inasema anayeuguza jeraha anazeeka kama wenzake.

Nilisema mama huyu ana mikono ya dhahabu. Basi dakika hizo mikono ile ilimgeuka. Alilifunga daftari akalitia kwenye droo, akalirudia taya la yule mzee, na gego la kushoto akalipachika kulia. Hakuna mtu mwingine duniani anayefungua madaftari yale. Shemeji mwenyewe hajui. Yamebaki masaa mawili, mechi moja, na kombe ambalo ameliota tangu akiwa kwenye meza ya kuhesabu pointi. Akaling'oa gego, akaliweka kushoto. Akakaa anatazama droo. Kisha akaifungua, akalichukua daftari, akasema kwa sauti, na chumbani alikuwa peke yake, "Nisamehe, Ngazi baba."

Saa nane chumba kilijaa. Makocha wote wanane walikuwapo. Mpinzani wake wa siku hiyo alikuwa fundi wa lifti ya jengo, ambaye watu humwita Lifti, mtu wa maneno mengi na soksi za rangi mbili kwa ajili ya bahati. Mwenye duka la fotokopi, mwenye sauti nene kuliko wote, alikuwa amekaa karibu na printa na rula yake mkononi, maana yeye si kocha bali ndiye msomaji wa matokeo.

Mama Kanuni alisimama, akasoma daftari, akasoma kompyuta, akasoma kanuni tatu. Alisoma haraka kama mtu anayekunywa dawa chungu.

"Mechi zilizopita zinabaki," alimaliza. "Pingamizi ni ndani ya siku mbili, na siku mbili zimepita. Lakini leo Ngazi hachezi."

Shemeji alijishika kichwa. "Mstari mmoja tu wa programu, shemeji. Nilisahau mstari mmoja."

"Kaa chini, tutagombana nyumbani."

Lifti alikuwa amekunja uso. Kwa miezi miwili alikuwa amepanga jinsi ya kumkabili Ngazi, na sasa hakujua afurahi au akasirike. "Sasa atasimama nani pale chini, Mama Kanuni?"

"Kibogoyo."

Watu walitaka kucheka, wakaona haya. Kibogoyo aliumbwa kwa masihara, kwa alama za mwisho zilizobaki siku moja ya usajili. Alikuwa mrefu, na sifa zake ziliishia hapo. Kwenye mitupo huru, ile unayopewa ukichezewa faulo, mia moja alikuwa anaingiza thelathini na moja.

Printa ikaanza kukwaruza. Msomaji akaweka rula juu ya karatasi, ili hata macho yake yasikimbilie mstari wa chini, akaanza. Robo ya kwanza ilikuwa msiba. Lifti ishirini na nne, Mama Kanuni kumi na tatu. Kila robo ikiisha kocha ana dakika tano na ruhusa ya kubadilisha amri moja tu, na amri hiyo haigusiki tena mpaka robo inayofuata iishe. Mama Kanuni akaamuru watu wake waache kupeleka mpira chini ya kikapu, watupe kutoka mbali. Robo ya pili kila upande ukapata pointi sawa, pengo likabaki lile lile. Robo ya tatu mitupo ya mbali ikaanza kuingia, mmoja, mwingine, mwingine tena, na msomaji akapanda sauti mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza kuna nini. Akaambiwa akae.

Sitini na nane kwa sitini na nne. Lifti yuko mbele kwa pointi nne, robo moja imebaki.

Hapo ndipo Lifti alipopata akili, au alidhani amepata. Aliinuka, akasugua mikono, akatoa amri yake ya mwisho huku akitabasamu: kila Kibogoyo akipata mpira, achezewe faulo papo hapo. Aende akatupe mitupo huru, akakose, mpira urudi kwetu.

Ilikuwa amri nzuri. Kibogoyo akaenda kwenye mstari, akakosa miwili. Akaenda tena, akaingiza mmoja. Akaenda tena, akakosa miwili, na mmoja wa makocha akaziba uso kwa kofia. Mama Kanuni hakukaa. Alikuwa anakwenda na kurudi kati ya dirisha na mezani, aproni bado iko kiunoni, midomo inakwenda bila sauti. Ilimchukua Lifti dakika sita za mchezo kugundua alichofanya.

"Faulo," alisoma msomaji. "Mrefu wa kwanza wa Lifti. Ni faulo yake ya tano. Ametoka."

"Mwacheni Kibogoyo," Lifti aliiambia karatasi.

"Faulo," alisoma msomaji. "Mrefu wa pili wa Lifti. Ya tano. Ametoka."

"Jamani, mwacheni huyo mtu. Nabadilisha amri."

"Mpaka robo iishe," wakamjibu watu sita kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kutazama daftari.

Masikini Lifti. Mtu anayeshinda kutwa anarekebisha mashine zisizomsikia mtu, leo alikuwa anaisihi karatasi. Waliomkaba Kibogoyo walikuwa warefu wake wote wawili, na faulo tano humtoa mchezaji nje; sasa uwanjani alibaki na vijana wafupi wenye mbio, wakawa wanafunga huku, Kibogoyo anaingiza mmoja mmoja kule, na pointi zinapanda bega kwa bega. Sekunde nne zikabaki. Themanini na mbili kwa themanini na moja, Lifti mbele. Kibogoyo kachezewa faulo, yuko kwenye mstari, ana mitupo miwili.

Rula ikashuka. "Mtupo wa kwanza, amekosa."

Mama Kanuni alisimama tuli.

"Mtupo wa pili." Rula ikashuka tena. "Amekosa."

Lifti akanyanyua mkono nusu. Lakini karatasi ilikuwa na mistari miwili zaidi.

"Mpira umegonga chuma, umerudi. Kibogoyo ameruka. Hakuna mrefu wa kuruka naye." Msomaji akaivuta rula mpaka mwisho. "Kibogoyo amerudisha ndani. Themanini na tatu kwa themanini na mbili. Mechi imekwisha."

Mlinzi wa getini, ambaye hakujua hata nani anacheza na nani, ndiye aliyeruka wa kwanza. Viti vikaanguka. Shemeji akambeba shemeji yake juujuu, na kwa mara ya kwanza maishani mama huyo akaona chumba kile kutoka juu. Alicheka, akalia, akacheka tena, akimpiga shemeji mabegani amshushe.

Kombe likaletwa. Yeye ndiye aliyelitengeneza zamani, kwa plasta, na nje akalivika akriliki ya rangi ya fizi, ile plastiki ya meno bandia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Kila mwaka mshindi huchongewa majina ya wachezaji waliokuwemo kwenye karatasi ya fainali. Mama Kanuni akawasha kimashine chake cha kuchongea, akachonga ya kwake moja moja kwa raha, Kibogoyo akamtanguliza. Alipomaliza la mwisho, Lifti akanyoosha mkono.

"Kamishna, msimu umekwisha?"

"Umekwisha."

"Kwa hiyo kanuni mpya zinaruhusiwa."

"Zinaruhusiwa."

Lifti akasimama na soksi zake za rangi mbili. "Napendekeza ya arobaini na mbili. Mchezaji aliyeitumikia timu moja misimu kumi au zaidi bila kombe, akazuiwa na umri tu siku timu yake inalichukua, jina lake lichongwe."

Mama Kanuni aliweka chombo mezani. "Hiyo ni kanuni ya mtu mmoja. Hatutungi kanuni kwa ajili ya mtu mmoja, kaka. Na haiwezi kurudi nyuma, hakucheza. Wote mmeona hakucheza."

"Mimi nimekula vizuizi vyake miaka kumi na mbili," alisema Lifti. "Piga kura."

Ndiye kamishna, hakuwa na njia. Akauliza wanaokubali, ikanyooka mikono saba. Akauliza wanaopinga, akanyoosha wa kwake, peke yake, mfupi, akiutazama ukuta. Wengi wakishaamua, kamishna anatii. Hiyo ni kanuni ya kwanza kabisa, na aliiandika akiwa kijana. Akafungua daftari, akaandika: saba kwa moja, imepita.

Akalivuta kombe, akawasha chombo. Mkono uliochonga meno ya watu miaka ishirini bila kuteleza ulikuwa unatetemeka, ikabidi Lifti aje amshikie kombe kwa mikono miwili. Herufi ya kwanza ilitoka imepinda. Akaiacha hivyo hivyo, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaendelea na ya pili.